Mapazia ya Chumba cha Juu

Ukitaka kukisia umri wa mtu katika mji ule, usimuulize alizaliwa lini. Muulize lile jengo la mawe la kwenye kona ya barabara kuu, lenye ngazi ya nje na madirisha marefu, linaitwaje. Wazee kabisa, wale wachache waliobaki, watakwambia ni Ghalani, kwa sababu ngozi za ng'ombe zilikuwa zikirundikwa pale zikisubiri kusafirishwa, na wanaapa kwamba mvua ikinyesha harufu yake bado inatoka ukutani. Waliowafuata watakwambia Mahakamani. Wengine watasema Wodini, maana kesi zilihamishwa, vitanda vya wazazi vikaingia, na nusu ya watu wazima wa mtaa ule walitoa kilio chao cha kwanza ghorofa ya juu. Vijana wanasema Hotelini, na hawana habari kama limewahi kuwa na jina jingine.

Mama Pindo yeye alisema Kiwandani, na ole wako umsahihishe.

Wodi ilipohamia hospitali mpya, jengo lilichukuliwa na mtu wa kushona sare. Sare za shule, za walinzi, za wauguzi, zote zilitoka pale. Kila mshonaji alikuwa na sehemu yake na hakuigusa ya mwenzake: huyu kola, yule mikono, yule vifungo. Mama Pindo alipewa mapindo. Sketi na suruali zilimfikia zikiwa zimekamilika kila kitu isipokuwa chini, naye akazikunja, akazishona, zikaenda zake. Ndipo jina lilipomganda. Hata mumewe, fundi redio, aliyempeleka mshenga kwa jina lake halisi, alikuwa ameshalisahau.

Cherehani yake ilikaa chumba cha juu, kile cha pembeni, karibu na dirisha la kushoto. Na hapo hapo karibu na dirisha la kushoto ndipo kilipokuwa kitanda alichomzalia Kitinda, binti yake wa mwisho, enzi za wodi. Wenzake walimtania sana kwa hilo. Walimwambia, "Wewe bado daktari hajakuruhusu kwenda nyumbani." Naye akacheka pamoja nao, lakini moyoni aliona chumba kile ni chake. Wengine walikuwa wameajiriwa tu. Yeye alikuwa na damu yake mle.

Kisha nguo za bei rahisi zikajaa sokoni, kiwanda kikadhoofika, kikafungwa. Mama Pindo akahamishia cherehani barazani kwake. Jengo likakaa miaka na popo wake, akaja seremala akarundika viti, akaondoka, akaja tajiri mmoja akalinunua, akalipaka rangi nyeupe, akaandika HOTELI juu ya mlango uliokuwa wa mahakimu. Kitinda akapata kazi pale ya kutandika vitanda.

Siku ile Mama Pindo alifurahi kuliko mwenye kazi. Alimwambia mumewe, "Nyumba imemrudia mtoto wangu." Furaha hiyo haikumaliza hata mwezi, kwa sababu Kitinda alipokuwa akirudi nyumbani hakuwa anarudi peke yake. Alikuwa anarudi na Mama Funguo.

Mama Funguo ndiye aliyesimamia vyumba vyote vya hoteli. Mama Pindo hakuwa amemtia machoni, lakini alimjua kama anavyojulikana mtu anayedaiwa. Wakinywa chai, Mama Funguo kasema shuka hukunjwa kuanzia kwenye miguu. Wakiosha vyombo, Mama Funguo kasema glasi ifutwe ingali na joto. Jioni moja Mama Pindo alikuta shuka zake zote kabatini zimekunjwa upya, kona kwa kona, zimenyooka kama zimepigwa mstari.

"Kwani sisi tulikuwa tunakunja vibaya?" akauliza.

"Hapana, mama. Hii inachukua nafasi ndogo tu."

"Nafasi ndogo. Tuna shuka nne na kabati zima."

Mumewe, aliyekuwa ameinamia redio ya mtu, hakuinua kichwa. "Afadhali shuka," akasema. "Mimi jana nimeambiwa nikivua viatu nivielekeze mlangoni. Nadhani nafukuzwa kistaarabu."

Kitinda akacheka. Mama Pindo hakucheka. Aliogopa kicheko kile, kwa sababu zamani mtoto alikuwa akichekea mambo ya nyumbani, na sasa aliyacheka yale ya nyumbani kwa kuyatazama kutoka mahali pengine.

Jambo lililomchoma zaidi lilikuja bila hodi. Kitinda alikuwa akimenya viazi pamoja na mama yake, akasema tu, kama mtu anayesema habari ya mvua, "Kumbe Mama Funguo alikulia pale pale. Baba yake alikuwa mlinzi wa mahakama. Walikaa kile chumba cha uani. Anasema alikuwa akicheza chini ya meza ya hakimu wakati wa mchana, kesi zikiisha."

Kisu cha Mama Pindo kikasimama. "Nani kasema?"

"Mwenyewe."

"Watu wanasema mengi."

Lakini usiku ule na siku zilizofuata alijikuta akipiga hesabu asiyoitaka. Mahakama ilitangulia wodi. Wodi ilitangulia kiwanda. Kwa hiyo mwanamke yule alikuwa ameliwahi jengo, alikuwa ameshakimbia katika sakafu ile kwa miguu mitupu yeye Mama Pindo akiwa hajapanda hata ngazi yake. Alimwonea kijicho kwa mtoto, sasa akamwonea na kwa ukuta. Alitamani kumwambia kwamba kucheza mahali si sawa na kuzaa mahali. Hakuwa na pa kumwambia.

Hapo ndipo Kitinda alipotoa lililokuwa likimkaa kooni.

"Mama Funguo anataka niwe msaidizi wake. Nitahamia kule. Chumba cha uani kiko wazi, na yeye anakaa cha pili yake."

"Kutoka hapa mpaka pale mtu hata hatoki jasho."

"Wageni wengine wanafika alfajiri, mama. Lazima awepo mtu."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimesema nitazungumza na wewe kwanza."

Neno hilo la mwisho Mama Pindo alilishika kwa mikono miwili. Mtoto hajakubali. Mtoto bado ni wa kurudishwa. Ilibaki tu aonyeshwe kwamba mama yake naye ni mtu ndani ya jengo lile, kwamba kuna mambo ya mle ambayo hayamo kwenye shada la funguo la mtu yeyote.

Na nafasi ikaja yenyewe. Hoteli ilikuwa inataka mapazia mapya ya vyumba vya juu, yale ya kushuka mpaka sakafuni, kabla ya kundi la wageni kufika Ijumaa. Kitinda akamtaja mama yake kwa meneja. Vitambaa vikaletwa nyumbani: rangi ya maziwa, na upande mmoja tu, ule wa chini, ua kubwa la buluu limepita kutoka mwanzo hadi mwisho. Pamoja na vitambaa ukaja ujumbe. Mama Funguo anasalimia, na anasema karibu uje upime madirisha, atakufungulia vyumba siku yoyote.

Hapo palikuwa na heshima, kwa mtu mwingine. Mama Pindo alisikia kofi.

"Nifunguliwe?" akasema. "Nifunguliwe mlango wa chumba nilichozalia?"

"Mama, ni kawaida. Vyumba vinafungwa."

"Mwambie nashukuru. Madirisha yale nayajua."

Na kweli aliyajua. Kiwandani aliwahi kuyashonea vitambaa vya kukinga jua, si mara moja. Kizingiti cha dirisha kilimfika kiunoni hasa. Kutoka kiunoni kwake mpaka chini anakujua. Kutoka kizingiti mpaka juu ni mikono yake miwili na kiganja. Alisimama barazani akafumba macho, akajiona pale, jua likimpiga begani, akapima hewa, kisha akapima kitambaa.

"Si ungekwenda tu ukapima?" mumewe akamwambia. "Futi haijawahi kumuuma mtu."

"Wewe redio lazima uifungue ndio ujue haina betri?"

"Ndiyo. Ndiyo kazi yenyewe."

Akamkata jicho, akashika mkasi.

Alishona kwa moyo wote. Mapindo yale, ungeyaona, ungesema yamechorwa. Ua la buluu alilikalisha chini kabisa, usawa mmoja, bila wimbi. Juu, ambako fimbo hupita, alikunja tu akaacha mfereji wa kawaida, kwa kuwa juu hakujawahi kuwa sehemu yake. Alipokuwa akikanyaga cherehani alimwona Kitinda akisimama mbele ya madirisha yale akiwaambia wenzake, haya kashona mama yangu, wala hakupima. Aliisikia hiyo "wala hakupima" waziwazi, akatabasamu peke yake.

Alhamisi akavaa gauni lake la kwendea watu, akabeba mzigo kichwani, akapanda ngazi ya nje. Juu ya ngazi alisimama mwanamke mfupi, mwembamba, kichwa kina mvi, funguo kiunoni zimefungwa kitambaa zisipige kelele. Mama Pindo alikuwa amemjengea mwili mkubwa kwa miezi mingi, na ule mdogo ulimuudhi. Ni vigumu kumchukia mtu unayemzidi kimo.

"Karibu, dada," Mama Funguo akasema, akampokea mzigo. "Pole na kazi."

"Nimeshapoa."

Chumba cha pembeni kilikuwa na kitanda kikubwa cheupe katikati, na bafu limekatwa upande ilipokuwa meza ya kukatia vitambaa. Mama Pindo hakutazama bafu. Alikwenda moja kwa moja dirisha la kushoto, akasimama mahali pake, na kitu kikamshtua asijue ni nini. Alijiona amerefuka. Kizingiti kilichokuwa kikimfika kiunoni kilimfika pajani. Kitinda alikuwa ameshapanda ngazi ya mbao, anaingiza fimbo kwenye mfereji.

Pazia likashuka, likafika sakafuni, na halikusimama. Likaendelea kushuka, likajilaza chini kama gauni la kuazima. Shubiri nzima, na zaidi. Ua la buluu lote lilikuwa limelala kifudifudi.

Kitinda alibaki juu ya ngazi ameshika fimbo.

"Sakafu ya huku juu waliinyanyua," Mama Funguo akasema taratibu, akiitazama sakafu badala ya kumtazama mtu. "Mabomba ya maji ya mabafu yamepita chini yake."

Hakuongeza neno. Hakusema nilikuita upime. Mama Pindo alingoja aseme, alishaandaa na jibu, na jibu likabaki mdomoni kama mfupa.

Meneja akaingia wakati huo huo, kijana wa tai na simu mkononi. "Hee, mbona yanafagia?" akasema. "Wageni kesho. Nani kapima haya?"

Kitinda akafungua mdomo. Uso wake ulikuwa umeshuka, na Mama Pindo alijua mtoto anataka kubeba lawama, naye mwenyewe akajikaza aseme ni mimi, lakini akachelewa.

"Tumeyaacha marefu makusudi, bosi," Mama Funguo akasema. "Kitambaa hiki kipya kinavutika. Kinaning'inizwa kwanza, halafu ndio kinakatwa. Mimi ndiye niliyesema hivyo. Kesho utayakuta sawa."

Meneja akaangalia simu yake, akaridhika, akatoka.

Sasa, mtu ukiokolewa unashukuru. Mama Pindo naye alitaka kushukuru. Lakini aliinua macho akauona uso wa binti yake, jinsi ulivyokuwa ukimtazama Mama Funguo kutoka juu ya ngazi, na shukrani ikageuka siki. Alikuwa akiujua uso ule. Ndio uliokuwa ukimtazama yeye, zamani, alipofungua mlango kukiwa na radi nje na Kitinda amejificha chini ya meza. Angepewa nafasi ya kuchagua, angeomba meneja amtukane mpaka jioni.

"Leteni mkasi," akasema. "Nipunguze chini."

"Ua litakwenda na mkasi, mama," Kitinda akasema. "Tufumue juu. Tukipunguza juu tunaweka na marinda, yanakaa vizuri zaidi."

"Juu sikujui."

"Mimi nakujua."

Wakakaa sakafuni wote watatu, Kitinda katikati, mapazia yamewafunika mapaja. Mama Pindo, fundi wa miaka yote, akaelekezwa na mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kutia uzi kwenye sindano. "Hayaanzii pembeni, mama. Shika hapa katikati kwanza, halafu gawanya." Hakuuliza nani kamfundisha. Angeuliza, angejibiwa.

Alikunja, akashona, na akatazama. Kutazama hakuwezi kukatazwa. Aliona Mama Funguo akinyoosha mkono bila kugeuka, na Kitinda akauweka mkasi kwenye mkono huo bila kuombwa. Wote wawili hawakujua kama wamefanya jambo. Mama Pindo alijiona kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwingine amekaa kwenye kiti chake, na kiti kimeshachukua umbo la mwingine huyo.

"Wewe huna wako?" akauliza. Lilitoka kali kuliko alivyokusudia.

"Mama," Kitinda akanong'ona.

"Muache, ni swali zuri," Mama Funguo akasema. "Ninao wawili. Wako mbali. Wananipigia wakikumbuka." Akakata uzi kwa meno. "Yule mdogo anakaa na mama mkwe wake. Humsifu mpaka simu inapata moto. Mama mkwe anajua kupika hiki, mama mkwe kanifundisha kile. Siku moja nikamuuliza, kwani mimi nilikulisha mawe?"

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akaniambia, lo, mama, nitamsimulia mama hili. Mama, yaani mkwe."

Mama Pindo akainamia marinda yake. Alimhurumia, kidogo. Lakini chini ya huruma hiyo kulikuwa na kitu kitamu alichokionea haya: alifurahi kwamba mwenzake naye anaungua. Akashona mkunjo uliofuata ukanyooka kuliko yote.

Jua lilipokuwa limepinduka mapazia yalining'inia, yakagusa sakafu kwa ncha tu, ua limesimama wima. Yalipendeza. Mama Pindo hakuweza kusema ni yake.

Kitinda alimsindikiza mpaka kwenye ngazi ya nje. Hapo chini barabara ilikuwa imejaa watu na magari, na dereva mmoja wa teksi alikuwa akimpigia kelele mteja, "Mahakamani? Unamaanisha Hotelini?"

"Mama," Kitinda akasema. "Bado sijamjibu. Ukisema hapana, sihami. Nasema kweli."

Na Mama Pindo alijua anasema kweli. Ndivyo alivyomlea. Hapana ilikuwa imeshafika kwenye meno, tena ilikuwa imekaa pale kwa wiki nyingi, imenona. Akaigeuza. Akamwona Kitinda asubuhi ya kesho akimmiminia chai, mpole, hana kinyongo, amekaa. Akamwona asubuhi ya keshokutwa. Akaziona shuka zimekunjwa tena kwa mtindo wa zamani, ili mama asikasirike. Angekuwa naye nyumbani kila siku, na kila siku mtoto angekuwa anatazama huku. Hilo ndilo lililomtisha: kwamba akimshika, Mama Funguo atazidi kuwa mtamu.

"Chukua lile blanketi lako zito," akasema. "Ya hotelini yanaonekana mepesi."

Kitinda akamshika mkono, akaubana.

"Nimesahau kitambaa changu cha kichwa huko juu," Mama Pindo akasema, na kitambaa kilikuwa kichwani. "Ngoja hapa."

Alimkuta Mama Funguo akifagia nyuzi. Akasimama mlangoni.

"Anakuja," akasema.

Mama Funguo akaegemeza ufagio. "Ahsante, dada."

"Usinishukuru. Sikiliza. Usimwamshe kwa kumwita, hushtuka kutwa nzima. Mguse unyayo. Akifanya kosa usimwambie mbele ya watu. Hatalia, lakini kwa wiki atafanya kazi kama punda. Kifua chake hakipendi vumbi, kwa hiyo stoo aifagie mwingine. Na akianza kuimba peke yake ujue amechoka, mwambie akae."

"Nimesikia yote."

"Halafu usimpe chai yenye tangawizi nyingi."

"Sitampa."

Alikuwa amebakiza moja. Kitinda akisema hana njaa, huwa si tumbo. Ni kwamba ana jambo linamwumiza, na hatalisema kwa mtu mpaka awekewe sahani mbele yake, asibembelezwe, mtu akae tu karibu naye akifanya kazi yake, na baada ya muda ataanza kula na kusema kwa pamoja. Ilimchukua Mama Pindo miaka kulijua hilo. Baba mtu hata leo halijui.

Mama Funguo alikuwa anamngoja, macho yametulia, kama mtu aliyeona kwamba bado kuna kitu.

"Kuna jingine, dada?"

"Hakuna," Mama Pindo akasema.

Siku mtoto atakaposema hana njaa, ashuke ngazi aje kwao. Akaaga vizuri, akashuka, na hatua zake zilikuwa nyepesi kuliko alizopandia.